Mashine ya Pumzi Chumbani: Tulivyoipanga Mpaka Tukalala



Leo tunaandika wawili. Mkono unaobonyeza simu ni wa mke, lakini kila mstari umesomwa na mume kabla haujafika kwenu, na miwili mitatu ameifuta. Mambo ya chumbani yana sitara yake, kwa hiyo tumekubaliana kitu kimoja: hatutasema ni nani kati yetu anayelala na mashine. Tutamwita mwenye mashine. Yule mwingine tutamwita mwenye masikio, maana yeye ndiye aliyesikia yote. Na wewe usiharakishe kusema, "Ah, bila shaka ni mume." Wanawake nao hukatika pumzi usingizini, na wengi hawajulikani, kwa sababu mwanamke akienda hospitali akasema amechoka, kichwa kinamuuma asubuhi na usingizi haumtoshi, huambiwa ni mawazo au ni damu kidogo. Ujauzito huongeza hatari, na kukatika hedhi kwa umri pia. Basi tuache hapo, ukisie mwenyewe.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Baada ya sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine hata zaidi, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka kidogo, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anarudi kulala bila kujua kama aliamka. Daktari huhesabu mara ngapi jambo hilo hutokea kwa saa, pamoja na zile pumzi zinazopungua bila kukatika kabisa. Chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida. Kuanzia 5 mpaka 15 ni hali nyepesi, 15 mpaka 30 ni ya kati, kuanzia 30 ni kali. Sisi tulipimwa tukakuta 38.

Kabla ya kupimwa, mwenye masikio alikuwa amejifunza kuogopa kimya kuliko kelele. Kukoroma unakuzoea, dada yetu, kama unavyozoea jenereta la jirani. Lakini kikisita ghafla, unakaa macho gizani unahesabu: moja, mbili, tatu… unafika kumi na tano unajiuliza umtikise au usubiri. Tulifika mahali tukalala vyumba tofauti, na katika nyumba ya ukoo jambo hilo halifichiki. Wifi akauliza kama kuna ugomvi. Mavyaa hakuuliza, akawa anatutazama tu. Bibi yetu mmoja alisema ni jinamizi linamkaba mtu usiku, akatuletea kombe na habasoda. Kombe tulilinywa na dua tukasoma, wala hatulidharau hilo. Kisha tukapanda boti kwenda Dar es Salaam kupima, kwa sababu mwenye mashine alikuwa ameanza kusinzia kwenye attahiyatu, na siku moja kwenye usukani barabara ya Fumba.

Kipimo ni chepesi. Mkanda wa kifuani, kimpira puani, kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, unalala navyo usiku mmoja. Daktari akasoma, akasema dawa yake ni hewa.

Mashine hizi zilianza Sydney, Australia. Daktari Colin Sullivan ndiye aliyebuni njia hii, matokeo yakachapishwa mwaka 1981, na ya mwanzo ilitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi. Kazi yake ni kusukuma hewa ya kawaida, si oksijeni, kupitia mpira mpaka kwenye barakoa ya puani, na hewa hiyo inaliweka koo wazi kama mtu aliyeshika pazia lisianguke. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji. Kama unataka kuijua kwa mwili wako, chukua glasi yenye maji ya kina cha sentimita 10, tia mrija mpaka chini, kisha pulizia. Nguvu inayohitajika ili povu la kwanza litoke ndiyo presha 10. Mashine nyingi zinakwenda kuanzia 4 mpaka 20. Na tukisema presha hapa ni ya hewa, tusichanganye na presha ya damu, ingawa hizi mbili zinajuana sana: anayekatika pumzi usiku, ya damu humpanda.

Yetu ililetwa na shemeji kutoka Muscat, imetumika kidogo. Wengi kisiwani wanazipata hivyo, na plagi ya meno matatu ni ileile, hakuna taabu. Lakini ukiletewa iliyotumika, soma jina na namba yake kabla ya kuiwasha. Mwezi wa sita mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashine za aina hii kwa mamilioni, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa na kutoa chembe zinazoweza kuvutwa na mlalaji. Baadhi ya hizo huenda bado zinazunguka mikononi mwa watu. Pia badilisha barakoa, mpira na chujio, hata kama vinaonekana visafi.

Daktari alisema tuiache ijiendeshe wiki moja, kutoka 4 mpaka 20, ili ituonyeshe yenyewe inatafuta nini. Wiki hiyo hatutaisahau. Mwenye mashine akivaa tu, anasema hewa haimtoshi, anahisi kama amefunikwa na mto. Presha 4 kwa mtu mzima ni ndogo, wengi huiona hivyo. Analala kwa tabu, na saa tisa za usiku mashine imepanda juu kabisa inapiga upepo, barakoa inavuma pembeni kama puto linalotoboka, hewa inaingia machoni, nyingine anaimeza, asubuhi tumbo limejaa. Siku ya nne tuliikuta barakoa sakafuni na hakuna aliyekumbuka kuivua. Mwenye masikio naye alikuwa na lake: tundu za kutolea hewa zilikuwa zinampulizia shingoni usiku kucha. Tulianza kuzungumza habari ya kuirudisha Muscat.

Kilichotuzuia ni kikadi kidogo ubavuni mwa mashine. Kila usiku unaandikwa humo: saa ulizolala nayo, hewa iliyovuja, mara ngapi pumzi ilikatika, na presha iliyotumika. Tulipiga picha kioo kila asubuhi baada ya Alfajiri, na wiki ilipokwisha tukampelekea daktari kwa WhatsApp pamoja na kadi yenyewe. Kutoka 38 tulikuwa tumeshuka mpaka 12. Kumbe katikati ya zile vurugu, koo lilikuwa linafunguka. Kadi ilionyesha kwamba kwa muda mwingi wa usiku presha haikuvuka 11, na kule kupanda juu kulikuja pale hewa ilipokuwa inavuja.

Basi akabadilisha. Chini akaweka 8 badala ya 4, juu akafunga kwenye 13. Ile ngazi ya kuanza polepole, ambayo mashine inaanzia chini na kupanda kwa dakika kadhaa, akaifupisha ianzie 6. Tena akawasha nafuu ya kutoa pumzi: ukivuta hewa inakuja kamili, ukitoa inapungua kidogo ili usihisi unapambana na upepo wa kusi. Hiyo ina ngazi tatu, tukaweka ya pili.

Hapa tunataka mtusikilize vizuri. Kuna mambo ya raha na kuna mambo ya dawa. Unyevu, joto la mpira, urefu wa ngazi ya kuanza, kukaza mikanda, haya ni yenu, yajaribuni nyumbani. Presha ya chini na ya juu ni dawa, na haipandishwi kwa kukisia. Ikizidi, kwa baadhi ya watu ubongo wenyewe unaanza kusahau kuagiza pumzi, na hapo pumzi inakatika ingawa koo liko wazi. Mashine nyingi zinaandika tofauti ya hayo mawili kwenye kadi, na daktari anaitazama. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo ndiyo kabisa asiguse.

Sheria yetu ikawa hii: tunabadilisha kitu kimoja, tunalala usiku tatu, ndipo tunagusa kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ukapata nafuu, hujui umshukuru nani. Mwenye masikio akawa na daftari lake. Mashine inajua namba, lakini haijui kwamba mlalaji aligeuka chali saa saba, au kwamba mdomo ulikuwa wazi na hewa inatokea huko. Lile daftari lilikuwa na maneno mafupi tu: "kimya mpaka saa nane", "mdomo wazi", "filimbi upande wa kushoto".

Filimbi ya kushoto ndiyo iliyotuleta kwenye mambo yetu ya Kizanzibari, ambayo hayamo kwenye kijitabu cha mashine.

Kwanza mafuta. Sisi tumelelewa kulala tumejipaka. Mafuta ya nazi, liwa, na bibi harusi ndiyo usiseme, ngozi inang'aa mpaka mto unateleza. Barakoa ya silikoni haishiki kwenye mafuta. Inateleza, unaikaza mkanda, inaacha alama, na hewa bado inatoka. Tulipohamisha mafuta ya uso yakawa ya mchana, na kabla ya kulala uso unaoshwa kwa sabuni na kukaushwa, kuvuja kulishuka kwa usiku mmoja. Mashine yetu hulalamika kuvuja kukizidi lita 24 kwa dakika; tulikuwa tunavuka 40, tukashuka chini ya 15. Ngozi ya barakoa nayo huoshwa kila asubuhi kwa sabuni laini. Ndevu pia hufungua mlango wa hewa, na nywele zilizosukwa nene kisogoni huisukuma mikanda isikae, kila mmoja ajitazame. Msuko wa pembeni umewasaidia baadhi ya mashoga zetu.

Pili udi. Somo alitufundisha kufukiza chumba baada ya Isha, kitanda, nguo, mapazia, na tukalipenda hilo na bado tunalipenda. Sasa mashine inavuta hewa ya chumba usiku kucha. Tulipofungua chujio likawa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, na mwenye mashine anaamka na koo linalowasha. Hatukuacha udi, jamani, nani atauacha? Tunafukiza alasiri, madirisha wazi, mashine imefunikwa kwa kitambaa, na nguo zinafukiziwa chumba kingine. Mpaka Isha moshi umekwisha, harufu imebaki kwenye mapazia. Asumini mtoni hazina neno, ila zisilale karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Chujio kinabadilishwa kila mwezi.

Tatu maji. Mashine ina kitangi cha kulainisha hewa isikaushe pua. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, mmeona birika zenu. Ukiyatia kwenye kitangi, baada ya wiki unapata ukoko mweupe. Yanatakiwa maji yaliyotoneshwa, yale safi kabisa yasiyo na chumvi, na tafadhali msiende kununua maji ya betri ya gari mkadhani ni yaleyale, maana mengine yana asidi. Yabadilishwe kila siku, kitangi kikauke mchana.

Kiwango cha unyevu tulikipanga kwa majira. Wakati wa masika hewa yenyewe imelowa, tunaweka chini au tunazima. Wakati wa kaskazi tunawasha kiyoyozi, na hapo ndipo tulipopata mvua chumbani: hewa ya moto na yenye unyevu inapita kwenye mpira uliopoa, inageuka maji, na saa kumi za usiku matone yanaingia puani. Mwenye mashine aliota anazama Nungwi. Dawa yake ni kushusha unyevu kutoka 6 mpaka 3, kupandisha kiyoyozi kutoka nyuzi 18 mpaka 24, na kuuvisha mpira mfuko wa kitambaa. Mfuko wenyewe tuliushona kwa kipande cha kanga, na ndio unaowafurahisha wageni wa kike wakichungulia.

Baada ya wiki sita kioo kilisoma 3 nukta kitu. Hatukukiamini, tukasubiri. Usiku uliofuata 2, uliofuata 4. Mwenye masikio aliandika kwenye daftari neno moja, "kimya", na safari hii kilikuwa kimya cha pumzi inayokwenda na kurudi. Vitanda tulikuwa tumeshaviunganisha kitambo. Alfajiri sasa tunaamshana bila kutikisana mara tano.

Umeme ni habari nyingine. Wazee wa kisiwa hiki hawasahau mwezi mzima wa giza mwaka 2008, wala ile miezi mitatu kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini uliposhindwa. Hali sasa si ile, ila umeme ukikatika hata saa mbili, mashine inazima. Msiogope kwamba mtu atazibwa: barakoa zina tundu na vali za kupitishia hewa, na mtu huamka akaivua. Lakini ugonjwa unarudi usiku uleule. Sisi tuna betri na kigeuza umeme. Tunapotumia betri tunazima joto na unyevu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokula umeme mwingi. Feni peke yake inakula kidogo, na betri yetu inafika Alfajiri.

Ramadhani usingizi hukatwakatwa: kidogo baada ya tarawehe, kidogo baada ya Alfajiri, na kakipande ka mchana. Hatuachi barakoa kwa sababu usingizi ni mfupi. Ngazi ya kuanza tunaizima kabisa mwezi huo, maana ukilala mara tatu, kila mara unapoteza dakika za mwanzo kwenye presha ndogo. Mlo mzito wa usiku wa manane nao unaongeza kumeza hewa, kwa hiyo tunakula mapema na kidogo. Suala la unyevu wa mashine wakati wa mchana wa saumu mwulizeni sheikh wenu. Sisi mchana tunazima kitangi, moyo unatulia.

Wametuuliza mabibi harusi wawili kama mtu aseme kabla ya ndoa kwamba analala na mashine. Sisi tunaona aseme, kwa mdomo wake au kupitia mzazi, kama anavyosema ana pumu au sukari. Usiku wa kwanza si wakati wa kueleza mpira. Na wewe unayeambiwa, usicheke. Uliza inavyowashwa. Kwa mambo mengine ya usiku, barakoa ni kitu cha mwisho kuvaliwa, na tumemaliza hapo kwa sababu mume amefuta mstari.

Uzito pia unahusika. Mwenye mashine amepunguza kilo sita tangu mwaka jana, na daktari ametwambia kilo zikiendelea kushuka tumpelekee kadi tena, pengine ile 13 ya juu itakuwa kubwa mno.

Juma hili namba imepanda mpaka 7. Kuna mafua nyumbani, pua imeziba, na barabara mbele yetu inachimbwa, vumbi tupu. Jana tumebadilisha chujio. Unyevu tumeuacha ulipo, presha hatujaigusa. Leo ni usiku wa pili.